Katana mbili kwa mkeka mmoja: mpana na mwembamba, au wenye mnofu?

Mtu anayejifunza kukata kwa upanga wa Kijapani, zoezi ambalo Wajapani huliita tameshigiri, hufika siku ambayo upanga wa kuazima hautoshi tena, na hapo hujikuta mbele ya chaguo ambalo wauzaji wengi hawalielezi ipasavyo. Upande mmoja ipo katana ya umbo la kawaida, yenye upana wa takriban sentimita 3 karibu na mpini, unene wa milimita 7, na mashavu yaliyovimba kidogo kuelekea kwenye makali. Uvimbe huo huitwa niku, neno la Kijapani lenye maana ya nyama, na kwa Kiswahili tunaweza kuuita mnofu bila kukosea. Upande wa pili ipo katana iliyoundwa mahsusi kwa kukatia mikeka, yenye upana wa sentimita 3.5 au zaidi, unene wa milimita 6 au pungufu, na mashavu yaliyonyooka kabisa. Zote mbili zinaweza kuwa na urefu wa sentimita 70 na uzito wa kilo 1.1, hivyo kwa macho ya mgeni tofauti yake ni ndogo.

Shabaha ya kulinganishia itakuwa ile iliyozoeleka zaidi, yaani tatami omote, mkeka wa nyasi za igusa unaofunika magodoro ya sakafu katika nyumba za Kijapani, ambao huviringishwa, hufungwa, hulowekwa majini kwa saa nyingi, kisha husimamishwa juu ya kigingi. Nitasema mapema ninakoegemea: kwa anayeanza, upanga wenye mnofu ndio chaguo sahihi, ingawa ule mpana hukata mkeka kwa urahisi zaidi. Kauli hizi mbili zinaonekana kupingana, na sababu ya kutopingana kwake imo katika fizikia ya ukataji wenyewe.

Pembe ya kabari

Upanga ni kabari ndefu. Makali hutenganisha nyuzi za mkeka, kisha mwili wa upanga unaofuata nyuma hulazimika kuzisukuma kando ili upite, na kusukuma huko, pamoja na msuguano wa mashavu, hula sehemu isiyo ndogo ya nishati ya pigo. Chukua upanga wa kawaida wenye unene wa milimita 7 penye shinogi, yaani ule mstari ulioinuka ubavuni, na useme kwamba kutoka hapo hadi kwenye makali ni milimita 20: pembe ya kabari hiyo ni takriban nyuzi 20. Kwa upanga mpana, ambao unene wake ni milimita 6 na umbali huo ni milimita 24, pembe hushuka hadi takriban nyuzi 14. Mnofu nao huongeza pembe ya makali yenyewe, kwa sababu shavu lililovimba hufika ukingoni likiwa limejipinda kwa ghafla zaidi, mithili ya ganda la chaza.

Kwa hesabu hiyo peke yake upanga mpana umeshinda, na mtu yeyote aliyeishika mmoja kwa mara ya kwanza baada ya kuzoea ule mwingine atakiri kwamba mkeka unaonekana kama umelainika ghafla. Hata hivyo mnofu hauko pale kwa bahati mbaya. Chuma kilichojaa nyuma ya makali ndicho kinachoyazuia yasimeguke yanapokutana na kitu kigumu, na shavu lenye uvimbe hugusa mkeka kwa eneo dogo kuliko shavu bapa, ambalo linaweza kung'ang'aniwa na nyasi mbichi kwa upana wake wote.

Mwelekeo wa makali

Jambo linaloamua zaidi ya yote ni lile ambalo Wajapani huliita hasuji: ulingano kati ya bapa la upanga na njia ambayo upanga unapita hewani. Vikilingana, kani yote inaelekea kwenye makali. Upanga ukiinama kwa nyuzi 5 tu kutoka kwenye njia yake, karibu asilimia 9 ya kasi yake inakuwa imeelekea ubavuni badala ya kwenye makali, na kwa nyuzi 10 inafikia asilimia 17. Kinachotokea ndani ya mkeka ni kwamba upanga hufuata upande ulioinamia, njia yake hupinda kama kijiko, na mwishoni hukwama au hutoka ukiwa umepinda wenyewe. Anayetaka kujua hasuji yake ilivyokuwa na autazame uso wa kipande kilichobaki kigingini: uso ulionyooka kama meza unasema jambo moja, na uso uliobonyea unasema jingine.

Hapa ndipo ubora wa upanga mpana unapogeuka kuwa mtego. Kabari ya nyuzi 14 ina nyuzi 7 kila upande wa mstari wa kati, na ile ya nyuzi 20 ina nyuzi 10. Mwinamo ukizidi nusu ya pembe ya kabari, shavu moja huachana kabisa na mkeka na mzigo wote huangukia shavu la pili, jambo linalomaanisha kwamba upanga mwembamba unafikia hatari hiyo kwa kosa dogo zaidi. Juu ya hilo, ugumu wa bamba dhidi ya kupinda ubavuni hufuata mchemraba wa unene wake: milimita 6 dhidi ya 7 hutoa asilimia 63 tu, na hata upana wa ziada ukihesabiwa bado upanga mwembamba una takriban robo tatu ya ugumu wa mwenzake. Ongeza kwamba kani inayosukuma bapa pana hufanya kazi mbali zaidi na mhimili wa mpini, hivyo huupindua mpini mkononi kwa nguvu kubwa zaidi. Kwa mkono uliokomaa hakuna hata kimoja kati ya haya kinachotokea, ndiyo maana mabingwa wa mashindano ya kukata mikeka huupenda upanga mpana, lakini mwanafunzi anayekosea kwa nyuzi 8 leo na nyuzi 3 kesho anahitaji chombo kinachomvumilia.

Kuna historia inayoangaza jambo hili. Katika kipindi cha Edo cha Japani, kati ya karne ya 17 na ya 19, ukoo wa Yamada Asaemon ulifanya kazi ya kuzijaribu panga kwa niaba ya watawala, mara nyingi juu ya miili ya wahalifu waliouawa kwa hukumu, na matokeo yaliweza kuchongwa kwa dhahabu kwenye shina la upanga linaloingia ndani ya mpini. Mwaka 1797 ilichapishwa orodha ya wahunzi waliopangwa kwa madaraja ya ukali wa panga zao, kwa kutegemea ujuzi wa ukoo huo. Orodha ya namna hiyo ina maana kwa sababu mkono wa mjaribu ulikuwa wa mtaalamu aliyefanya kazi ile ile maisha yake yote, na tofauti iliyobaki ikawa ya upanga. Mnunuzi wa leo anayelinganisha panga mbili kwa mapigo matatu kila moja anapima zaidi mkono wake kuliko chuma.

Kuvuta, na mpindo unaosifiwa kupita kiasi

Kila aliyewahi kukata nyanya mbivu anajua kwamba kisu kikikandamizwa tu huiponda, na kikivutwa kidogo huzama chenyewe. Sheria iliyo nyuma ya jambo hilo ni rahisi. Tuite uwiano wa kuvuta kuwa kasi ya makali kwenda kando ya urefu wake, ikigawanywa kwa kasi ya kuzama ndani ya kitu. Tukiweka msuguano kando, kani ya kukandamiza inayohitajika hugawanywa kwa moja jumlisha kipeo cha pili cha uwiano huo: uwiano ukiwa 1, kani inakuwa nusu, na ukiwa 2, inakuwa moja ya tano. Isitoshe, upanga unaopita kwa mshazari huonekana kwa mkeka kuwa mwembamba kuliko ulivyo, kwa kuwa njia kutoka makalini hadi shinogi imerefuka. Kabari ya nyuzi 20 ikipita kwa mshazari wa nyuzi 45 hufanya kazi kama kabari ya nyuzi 14, ambayo ndiyo ile ile ya upanga mpana unaopigwa moja kwa moja. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kile ambacho mtu anakilipia kwenye upanga mpana kinaweza kupatikana kwa mwendo wa mikono, ingawa nyuzi 45 kamili ni vigumu kuzifikia kwa pigo la kasi, na nyuzi 30, zinazoishusha kabari hiyo hadi takriban 17, ni matarajio ya kiungwana zaidi.

Wengi hudhani kwamba kuvuta huko kunaletwa na mpindo wa katana, unaoitwa sori, na kwa hiyo huchagua upanga uliopinda zaidi. Hesabu haiwaungi mkono. Upanga wenye sentimita 70 na mpindo wa sentimita 1.5 ni kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha takriban mita 4, na kwenye ncha makali yake yamegeuka kwa nyuzi 5 tu kutoka kwenye mstari ulionyooka kati ya mpini na ncha. Ukizungushwa bila kuvutwa, uwiano wa kuvuta ni kama 0.09, na nafuu yake haifiki hata asilimia 1. Mpindo wa sentimita 2.4, ambao kwa macho ni mkubwa, huleta nafuu ya takriban asilimia 2. Mpindo una faida zake nyingine, hasa wakati wa kuchomoa upanga alani, na asili yake si ya mapambo: upanga uliopakwa udongo mzito mgongoni na mwembamba makalini ukichovywa majini, chuma cha makali hubadilika kuwa martensiti, hali ngumu sana ya chuma, ambayo hutanuka, na upanga hujikunja wenyewe. Lakini kwa anayechagua upanga wa kukatia, sori isiwe kigezo cha bei.

Kuvuta kwa kweli hutoka kwenye mikono inayotangulia huku ncha ikibaki nyuma kidogo, na thamani yake hukua pale upanga unapopungua kasi katikati ya mkeka, kwa sababu kasi ya kuzama inashuka ilhali mikono bado inarudi kuelekea mwilini.

Uzito, na mahali ulipokaa

Swali la kilo ngapi huulizwa sana, na jibu lake si zito. Nishati mwendo huongezeka sambamba na tungamo lakini kwa kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo upanga wa kilo 1 unaokwenda kwa kasi zaidi kwa asilimia 14 una nishati sawa na wa kilo 1.3. Mwanafunzi mwenye mabega ya kawaida atapata asilimia 14 hizo kwa urahisi kuliko atakavyoweza kuusimamisha upanga mzito baada ya pigo la ishirini, wakati ambapo uchovu umekwisha kuiharibu hasuji yake.

Kinachostahili kuulizwa ni mahali ilipo nukta ya mizani. Panga nyingi husawazika kwenye kidole umbali wa sentimita 12 hadi 16 mbele ya kinga ya mkono. Upanga wenye mnofu na unaopungua unene vizuri kuelekea nchani hukaa upande wa 12, na ule mpana, ambao mara nyingi hubaki mpana hadi karibu na ncha, husogea kuelekea 16 au hata zaidi. Sentimita hizo chache huhisiwa kuliko gramu mia, kwa kuwa inesha ya mzunguko, yaani ukaidi wa upanga dhidi ya kuanza au kuacha kuzunguka, hufuata kipeo cha pili cha umbali. Mizani ya mbele husaidia pigo likishaanza na hutaabisha anayetaka kulianzisha, kulibadilisha au kulisimamisha.

Jambo hilo linaeleza pia kwa nini walimu husisitiza kukata kwa monouchi, ile sehemu iliyo sentimita kama 10 hadi 20 kutoka kwenye ncha. Ncha ndiyo yenye kasi kubwa kuliko sehemu zote, lakini tungamo linaloihisi shabaha pale ni dogo, kwa sababu ncha husukumwa nyuma kwa urahisi. Karibu na mpini tungamo ni kubwa lakini kasi ni ndogo. Nilipokadiria kwa upanga wa kilo 1.1, wenye sentimita 71 za makali na 27 za mpini, unaozunguka kwenye kitako cha mpini, nishati inayopatikana sentimita 20 kutoka nchani ilizidi ile ya nukta ya mizani kwa kati ya robo na theluthi, na kwenye ncha yenyewe ilishuka tena. Sehemu hiyo hiyo iko karibu na mahali ambapo pigo halimtingishi aliyeshika: mkono wa kulia ukichukuliwa kuwa egemeo, nukta hiyo huangukia sentimita 13 hadi 17 kutoka nchani. Upanga mpana wenye mizani ya mbele una eneo la kukatia lililo refu zaidi kuelekea nchani, na hiyo ni faida halali kwa anayekata mikeka miwili au mitatu iliyopangwa pamoja.

Urefu unafuata mantiki ile ile. Katana huhesabiwa kuwa katana kuanzia shaku 2, yaani sentimita 60.6, na panga nyingi zinazouzwa zina shaku 2 na sun 3 (sun ni sehemu ya kumi ya shaku), karibu sentimita 70. Kutoka 70 hadi 76 inesha kuzunguka mpini hupanda kwa zaidi ya robo ikiwa umbo halibadiliki. Mikono ya mtu ni mizito kuliko upanga wowote, kwa hiyo kasi haishuki kwa kiwango hicho, ila nafuu ya urefu ni ndogo kuliko inavyotangazwa, na kosa la hasuji hukuzwa na kila sentimita iliyoongezwa.

Mfereji ubavuni

Panga za aina zote mbili huuzwa zikiwa na bohi, mfereji uliochongwa ubavuni, au bila mfereji. Si kweli kwamba mfereji huufanya upanga kuwa mgumu zaidi. Kuondoa chuma hakuongezi ugumu. Hupunguza uzito na kuirudisha nyuma nukta ya mizani, wakati ugumu wa upanga katika mwelekeo wa makali unapungua kidogo tu. Ubavuni hali ni tofauti, kwa kuwa chuma kilichoondolewa ni kile cha nje, ambacho ndicho hupambana na kupinda. Upanga mpana, mwembamba na wenye mfereji unajumlisha udhaifu wote watatu, na sioni sababu ya kumkabidhi mtu anayeanza kukata. Mfereji una sifa moja ya kupendeza, nayo ni mlio: hasuji ikiwa sawa, upanga hupuliza filimbi kali hewani, na kwa anayefanya mazoezi bila shabaha hiyo ni taarifa ya thamani. Tahadhari ni kwamba mlio hupima mwendo wa hewani, na wengi hupiga filimbi nzuri kisha wakaipotosha mikono inapogusa mkeka.

Chuma

Hapa kuna dhana moja ya kuondolewa. Chuma kigumu na chuma laini vina ukinzani sawa wa kupinda, kiasi cha gigapaskali 200, kabla ya kufika kikomo cha unyumbufu. Tofauti ni kule kikomo kilipo. Upanga wa jadi una makali yanayokaribia 60 katika kipimo cha ugumu kiitwacho Rockwell C na mgongo ulio laini zaidi, kwa hiyo ukipindishwa kupita kikomo hubaki umepinda. Upanga wa chuma cha springi uliotiwa ugumu mwili mzima hurudi ulivyokuwa, kwa gharama ya makali yanayoweza kuwa laini kidogo. Ndani ya Japani swali hili halipo, kwa sababu upanga wa makali huruhusiwa kusajiliwa tu ukiwa umefuliwa kwa njia ya jadi, na muhunzi mwenye leseni ana kikomo cha panga ndefu mbili kwa mwezi, jambo linaloeleza bei yake. Kwa anayeishi nje ya Japani, na ambaye sheria za nchi yake zinaruhusu, springi yenye mnofu ni mwalimu mpole: atakosea na upanga utanyooka. Aliyeamua kununua ule mpana, na bado hajaiva, ndiye anayehitaji springi kuliko wote.

Aina yoyote itakayochaguliwa, kagua mekugi, kijiti cha mwanzi kinachoufunga upanga kwenye mpini. Upanga wa kilo 1.1 ambao ncha yake inakwenda kwa mita 15 kwa sekunde huvuta kuelekea nje kwa kani inayolingana na kuning'iniza kama kilo 10, na kijiti hicho ndicho hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo kwa kila pigo.

Shabaha ikibadilika

Mkeka mtupu uliolowa ni uwanja wa upanga mpana, na ulinganisho wote hapo juu umeupa nafasi ya kung'ara. Wapo wanaoweka mwanzi mbichi katikati ya mkeka, kwa desturi inayosema kwamba mkeka ni mfano wa nyama na mwanzi ni mfano wa mfupa, na hapo mizani hugeuka. Ukuta wa mwanzi ni mgumu, haukubali kusukumwa kando polepole, na hupasuka mara kabari inapoingia, kwa hiyo pembe finyu haina faida kubwa, ilhali makali membamba yasiyo na mnofu yanaweza kumeguka au kukunjika yakiingia yakiwa yameinama. Pigo la mshazari kutoka begani, kesagiri, husaidia kwa shabaha zote mbili, kwani idadi ya nyuzi za kukatwa haiongezeki hata kama njia imerefuka, na makali hupita kwa sehemu kufuata nyuzi badala ya kuzipinga moja kwa moja. Pigo la mlalo halina nafuu hiyo.

Kwa hiyo anayekata mikeka pekee, ambaye vipande vyake kumi mfululizo vina uso ulionyooka, anunue upanga mpana bila mfereji na ataufurahia. Anayechanganya mkeka na mwanzi, au ambaye nyuso za vipande vyake bado zinabonyea kimoja kati ya vitatu, achukue wenye mnofu, usio na mfereji, wenye sentimita 70, wa kilo 1 hadi 1.1, na mizani isiyozidi sentimita 13 kutoka kwenye kinga. Ule mpana utakuwa bado unauzwa mwaka ujao.